Lenga ukiwa umesimama: somo la pool kwa wanaokosa mpira mwepesi

Juzi nimekosa nyeusi, ule mpira wa mwisho unaokupa ushindi. Kati yake na mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, hakukuwa hata shubiri mbili, shimo la kona li wazi, na mpinzani wangu, bwana wa Barabara ya 12 hapa Tanga, bado ana mipira minne mezani. Dau ni shilingi 20,000, kumi yake na kumi yangu. Nimeinama, nimeona iko sawa, kisha nikaingiwa na wasiwasi, nikasogeza kiwiko kidogo ili "niiweke vizuri zaidi". Nyeusi ikagonga mdomo wa shimo, ikatoka. Nimerudi Makorora kwa miguu, nauli imekwenda na dau, na njiani ndipo nilipotambua kosa: nililenga mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshainama.

Hatua ya 1: Isome meza

Meza zetu za Ngamiani nyingi ziko chini ya bati, kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa kwa haraka, mguu mmoja umetiwa kipande cha boksi. Kabla hujatia sarafu mipira imefungiwa tumboni mwa meza, kwa hiyo huwezi kujaribu. Tazama mechi inayochezwa. Usihangaike na mipira inayopigwa kwa nguvu; angalia ile inayokata roho, inapokaribia kusimama inapinda kwenda upande gani? Huko ndiko meza imelala. Jioni upepo wa bahari ukiingia, kitambaa kinanyonya unyevu na mpira unakuwa mzito. Masika ndiyo usiseme, pigo lililokuwa likifika shimoni wakati wa kaskazi linakomea njiani.

Hatua ya 2: Mpira hewa

Mnawakumbuka watumishi hewa? Hawapo kazini lakini mshahara wao unatoka. Na huu mpira hewa haupo mezani, ila ndio unaolipa.

Piga mstari kwa macho kutoka katikati ya shimo, upite katikati ya mpira wa rangi (ule unaotaka kuuingiza), utokee nyuma yake. Hapo nyuma, kwenye mstari huo huo, fikiria kuna mpira mwingine umegusana nao. Huo ndio mpira hewa. Kazi ya mpira mweupe ni moja tu: ufike ukae mahali pake.

Wengi tunakosea hapa. Tunaitazama ile nukta ambapo mipira itagusana, tunaelekeza kitovu cha mpira mweupe pale. Lakini mpira una unene, jamani! Kabla kitovu hakijafika, ubavu umeshagusa sehemu nyingine, mpira wa rangi unapigwa mnene, yaani karibu mno na katikati yake, na unagonga kingo kabla ya shimo. Kitovu cha mpira hewa kiko nyuma ya nukta hiyo kwa nusu ya kipenyo. Mipira ya Kimarekani ina kipenyo cha sentimita 5.7, ile ya pool ya Kiingereza 5.1, basi nusu yake ni karibu sentimita 2.9 au 2.5. Ni kama upana wa pingili ya kidole gumba, na kwenye pool hiyo ni safari ndefu.

Mazoezi: nenda mchana meza ikiwa haina watu. Chukua mpira wa pili, uweke kabisa pale pa mpira hewa, ugusane na wa rangi. Utazame kwa mbali, kutoka upande utakaopigia. Kisha tia unga kidogo wa choki chini yake, uondoe, ubaki na alama. Piga mpira mweupe upite juu ya ile alama. Rudia mara 20 kwa pembe moja kabla hujahamia nyingine. Ukimaliza futa, mwenye meza asije akakufukuza na akanilaumu mimi.

Hatua ya 3: Nusu mpira

Hii ikariri kama namba yako ya simu. Ukielekeza kitovu cha mpira mweupe kwenye ukingo kabisa wa mpira wa rangi, mpira wa rangi unakwenda kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mwelekeo wa mpira mweupe, uwe karibu au mbali. Ukifunika robo tatu ya mpira wa rangi, ni kama nyuzi 15. Ukifunika robo tu, karibu nyuzi 49. Mimi sipimi nyuzi mezani, najiuliza tu: huu ni mnene au mwembamba kuliko nusu? Jibu hilo linatosha kwa mipira mingi ya baa.

Hatua ya 4: Simama, amua, teremka

Simama nyuma ya mpira mweupe, uone mpira hewa, weka mguu kwenye mstari, ndipo uteremke na kichwa kikifuata mstari huo huo. Ukishainama, kilichobaki ni kupiga. Ukiona hapajakaa sawa, usisogeze kiwiko: inuka, uanze upya. Watu watakucheka kwamba unajifanya bingwa. Waache wacheke.

Fimbo ipite moja kwa moja, isikatishwe inapogusa. Na kupiga mpira mweupe ubavuni acha kwanza, maana ukiupiga kushoto unasukumika kidogo kulia na hesabu yote ya juu inaharibika.

Maswali ya wadau

*Kaka, meza ya kwetu Chumbageni mpira mweupe ni mdogo kuliko mingine. Mpira hewa nauchoraje?*

Swali zuri. Meza nyingine za sarafu zimetengenezwa hivyo makusudi, ili mashine iutambue mweupe na kuurudisha. Mpira hewa uchore kwa ukubwa wa mweupe wenyewe, yaani kitovu chake kinasogea karibu zaidi na mpira wa rangi. Faida ni kwamba mweupe mdogo ni mwepesi, ukiupiga chini unarudi nyuma kirahisi.

*Nikipiga polepole nakosa upande mnene, nikipiga kwa nguvu unaingia. Kwa nini?*

Mipira michafu, ndugu yangu. Mafuta ya chipsi na vumbi vinaifanya ing'ang'aniane inapogusana, na mweupe unauvuta mwenzake kidogo kuelekea unakokwenda wenyewe. Kwenye pigo la polepole mvuto huo ni mkubwa. Kata nyembamba kidogo, au omba kitambaa ufute.

*Nitamjuaje anayeficha mkono ili anile hela?*

Usitazame mipira anayokosa, tazama mweupe unapobaki. Mlevi akikosa, mweupe unakaa popote. Anayeficha mkono akikosa mara tatu, mara zote tatu mweupe umejificha nyuma ya mpira wake na wewe huna pa kupigia. Akisema "tupandishe dau, labda bahati itageuka", mwambie unakwenda kununua muhogo.

*Je, polisi wakitukuta?*

Kucheza pool si kosa. Kuendesha kamari bila leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni kosa, tangu Sheria ya mwaka 2003, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kabisa kucheza kamari. Mimi na ile elfu kumi yangu siwezi kukutetea, maana hata mwenyewe sina utetezi.

*Shikamoo kaka. Mimi natumia mkono wa kushoto, somo linanihusu?*

Marahaba mwanangu. Linakuhusu lote, mpira hewa haujui mkono. Alhamisi jioni nipo pale pale Barabara ya 12, njoo tujaribu bila dau. Uje na choki yako, ya pale imebaki kishimo kitupu.