Somo: Kujua kimbunga kitaelekea wapi, kwa sisi wa Bagamoyo

Kimbunga kikitangazwa, wengi huuliza kina upepo wa kasi gani. Mimi nasihi tuanze na swali jingine: nini kinakisukuma? Kimbunga hakijichagulii njia, kinabebwa na hewa iliyokizunguka.

Hatua ya 1. Kwenye ramani ya hali ya hewa, tafuta mgandamizo mkubwa wa hewa kusini-mashariki mwa Madagaska, unaoitwa wa Mascarene. Ndio huo unaotuletea kusi.

Hatua ya 2. Hapa tusiharakishe. Kusini mwa ikweta, hewa huuzunguka mgandamizo mkubwa kinyume cha saa. Kwa hiyo ubavuni mwake kaskazini upepo unatoka mashariki kwenda magharibi, na kimbunga kilichopo hapo kinasukumwa kuja Madagaska, Msumbiji au kwetu. Mgandamizo huo ukiwa na nguvu na umetandaa hadi karibu na bara, kimbunga hakina pa kutokea kusini. Ukikatika, hasa mgandamizo mdogo wa hewa unapopita kusini mwa Madagaska ukitokea upande wa Afrika Kusini, kimbunga hupata upenyo, hukunja kwenda kusini, kisha kusini-mashariki, kikaishia bahari kuu.

Hatua ya 3. Angalia pia upepo wa juu, kama kilomita 5 kutoka usawa wa bahari. Kimbunga chenye nguvu hufuata zaidi huo. Kikidhoofika, pepo za chini ndizo zinakichukua, na njia inaweza kubadilika. Linganisha na kila taarifa mpya ya TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

MASWALI

Mvuvi, Kaole: Kaka, wazee wanasema vimbunga ni vya Msumbiji. Huku si karibu mno na ikweta?

Jibu: Wazee wana hoja. Tuko nyuzi 6 na kidogo kusini, na karibu na ikweta kimbunga hupata shida kujizungusha. Lakini Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na hapa Bagamoyo, Aprili 1952 kikaipiga Lindi, na Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia, ikiwa imeshapungua nguvu.

Mkulima wa mwani, Mlingotini: Shikamoo mwalimu. Kimbunga kikisimama baharini, si tumepona?

Jibu: Marahaba mama. Hapana. Kikisimama maana yake misukumo ya pande mbili imelingana, na hujui upande upi utashinda. Mawimbi yake yanafika hata kikiwa mbali. Vuna mwani uliokomaa mapema, uuanike mbali na ufukwe.