Stendi ya pikipiki inakwangua lami kwenye kona? Anza na shokapu za nyuma kabla hujaikata

Wagosi, leo niongelee hiki kitu maana naona wengi tunakikosea, na kwenye kona za huku kwetu kosa lake linaumiza. Unashuka kutoka Lushoto kuja Mombo, nyuma una abiria na kapu la peasi, unaingia kona ya kushoto kama ulivyozoea siku zote, mara unasikia krrrr chini ya mguu, pikipiki inashtuka kidogo halafu inarudi njiani. Wengi wakifika mjini wanaenda moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea, kata hiyo stendi kubwa (ile ya katikati), basi. Mimi ilinitokea chini kidogo ya Soni, njia hiyo hiyo, na fundi niliyempelekea alishawasha grainda kabisa, nashukuru nilimwambia asubiri kwanza, kwa sababu stendi ilikuwa haina kosa, pikipiki ndo ilikuwa imekaa chini mno.

Kwanza elewa kwanini hii sio ya kuchukulia poa. Futresti (pale pa kuwekea miguu) yenye bawaba ikigusa lami inajikunja kwenda juu, inakuonya tu kwamba umefika mwisho wa kulala, yaani kuinamisha pikipiki kwenye kona. Stendi kubwa, ekzosi na fremu havijikunji. Chuma kigumu kikigusa na we bado unaendelea kulala, kinakuwa kama jeki, kinanyanyua tairi la nyuma kutoka chini, na tairi likishaachia lami hamna wa kukuokoa hapo.

Sasa tafuta kinachogusa. Piga magoti kwenye mwanga mzuri uangalie chini pande zote mbili, sehemu iliyosuguliwa utaiona tu, chuma kinang'aa kama kisu kilichonolewa wakati pembeni yake pote pana kutu na matope. Sisi tunaendesha kushoto kwahiyo kona za kushoto ndo zinabana zaidi, na upande huo ndo kuna stendi ya pembeni na ule mguu wa kukanyagia stendi kubwa. Ukikuta alama upande wa kulia, mara nyingi ni ekzosi.

Kabla hujashika spana yoyote, vuta stendi kubwa kwa mkono. Ikiwa inacheza juu chini, basi springi yake imechoka au bushi zimelika, stendi inaning'inia na ikipita kwenye bonde la barabara inashuka yenyewe. Badilisha springi, ni kitu cha hela kidogo sana. Halafu cheki upepo, soma kile kistika cha kwenye kava ya cheni, ukiwa na abiria tairi la nyuma linataka upepo zaidi. Tairi laini linashusha pikipiki na pia linafanya nyuma iyumbe ukilala.

Hayo yakiwa sawa ndo tunaingia kwenye shokapu, na hapa ndo nataka uwe makini, usizungushe kitu kabla hujapima. Chukua futi kamba na mtu wa kukusaidia. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, tairi la nyuma lining'inie hewani, upime kutoka katikati ya nati ya ekseli ya nyuma kwenda juu wima mpaka alama utakayoweka kwenye bodi chini ya siti, mimi nliweka kipande cha selotepu. Andika. Kisha shusha pikipiki, kaa mwenyewe miguu juu ya futresti, mwenzako aishike isianguke, ibonyeze mara mbili tatu itulie, apime tena. Halafu panda na abiria na mzigo ule ule unaobebaga kila siku, apime mara ya tatu. Usijidanganye na mzigo wa kupimia, kama huwa unabeba gunia basi weka gunia.

Yangu ikiwa hewani ilikuwa sentimita 48, nikikaa mwenyewe 45, nikiwa na abiria na mzigo 41 na nusu. Yaani inazama sentimita 6 na nusu kabla hata sijaondoka, na tairi la nyuma lina safari (umbali wa kupanda na kushuka) ya kama sentimita 10 tu. Kipimo kinachokubalika ukiwa peke yako ni kuzama karibu theluthi moja ya safari yote, kwahiyo ile 3 ya kwangu ilikuwa safi kabisa, tatizo ni kwamba nilikuwa nimeiacha hivyo hivyo na kubebea watu.

Na kuna kitu kingine watu hawakijui, pikipiki ikilala kwenye kona springi zinabebeshwa zaidi. Ukilala digrii 30 uzito unaokandamiza shokapu unaongezeka kama asilimia 15, yaani pikipiki na watu wake wakiwa kilo 280, springi zinasikia kama kilo 320. Digrii 40 ni asilimia 30. Ndo maana ikiwa imesimama unaona stendi iko juu vizuri, ila kwenye kona inagusa.

Sasa kurekebisha. Chini ya springi ya shokapu ya nyuma (nyingine iko juu) kuna ringi yenye ngazi kama meno, na kuna kile kidude cha chuma kinachokaa kwenye ngazi mojawapo. Ukiwa pwani kama Tanga mjini, hewa ya chumvi inakula sana hizo ringi, kwahiyo safisha kwa brashi, weka oili kidogo, subiri inywe. Pikipiki iwe juu ya stendi kubwa ili springi zisiwe na mzigo, tumia ile spana iliyopinda kama nusu mwezi yenye ndoano mwishoni, sio nyundo na bisibisi, ukiponda yale meno umeshaharibu. Hesabu ngazi kuanzia ya chini kabisa, panda moja upande huu na moja upande ule, pande zote ziwe sawa kila wakati, ukizidisha upande mmoja unaupinda mkono wa nyuma (chuma kinachoshika tairi la nyuma) na pikipiki itakuwa inavuta pembeni. Kila ukipanda, shusha pikipiki mkalie, mpime.

Mimi nilitoka ngazi ya kwanza mpaka ya nne, na abiria ikasoma 43. Sentimita moja na nusu. Inaonekana ndogo, na stendi ipo katikati ya tairi mbili kwahiyo yenyewe inapanda kama nusu yake tu, lakini pale chini ni digrii moja na kidogo ya kulala, na kwenye kona ya Soni hiyo ndo tofauti ya kugusa na kutogusa.

Mafundi wengi watakwambia umekaza springi imekuwa ngumu. Hapana. Springi ni ile ile, ulichofanya ni kuinyanyua pikipiki ianze safari ikiwa juu. Ukiwa peke yako na iko ngazi ya mwisho utaona inarusha nyuma kwenye rafu rodi, kwa sababu haina nafasi ya kushuka kufuata mashimo. Kwahiyo ukimshusha abiria wa mwisho na unarudi mwenyewe safari ndefu, irudishe chini, ni dakika tano.

Kama umefika ngazi ya mwisho na bado inazama vile vile, springi za shokapu zimechoka, zinataka mpya. Shokapu zenyewe nazo zijaribu, bonyeza siti kwa nguvu kisha achia, ikipanda na kutulia mara moja ni nzima, ikidunda dunda kama godoro, au ukiona oili imetoka na kukamata vumbi kwenye nondo yake, nunua mpya, zote mbili kwa pamoja. Naomba sana usikubali kuwekewa kipande cha bomba ndani ya springi au shokapu ndefu ya pikipiki nyingine. Nyuma ikipanda kupita kiasi usukani unakuwa mwepesi na mbele inaanza kutikisika kwenye mwendo, halafu cheni inaweza kuanza kusugua mkono wa nyuma.

Mbele usiisahau. Angalia juu pale kwenye kile chuma kinachoshika mabomba mawili ya shokapu, kama mabomba yamechomoza juu tofauti na yalivyotoka kiwandani basi kuna mtu aliyapandisha, na hapo mbele imeshushwa. Yarudishe, yawe sawa pande zote, na bolti zikazwe vizuri. Funga ka-mpira kwenye bomba, uendeshe, uone kamesukumwa mpaka wapi. Kakifika mwisho kabisa kila siku, huenda oili ya mbele imechoka au sili zimevuja, mwage yote weka mpya kwa kipimo cha pikipiki yako.

Na mwendeshaji naye ana sehemu yake. Breki zimalize kabla ya kona, ukibana ndani ya kona mbele inazama na nafasi yote uliyoitafuta inaisha. Shika mafuta kidogo yasiyobadilika badilika, usiachie ghafla. Egemeza kifua chako upande wa ndani wa kona, mwili ukiingia ndani pikipiki yenyewe inapunguza kulala kwa mwendo ule ule. Abiria mwambie tu, dada nifuate mwili wangu usijiinue, wengi wanaogopa wanajisukuma upande wa nje na wanafanya pikipiki ilazimike kulala zaidi.

Ukimaliza, cheki taa usiku ukutani, nyuma ikipanda mwanga unashuka, ulegeze ile bolti ya taa uinue kidogo.

Kupima kama imekubali nilipaka kyutesi nyekundu kwenye ncha ya mguu wa stendi, pale pale palipokuwa panang'aa. Nikapanda Lushoto na shemeji yangu nyuma, mwendo wangu ule ule, tukashuka mpaka Mombo. Pale stendi ya basi nikapiga magoti nikaifuta vumbi kwa kidole, nyekundu yote ilikuwa bado ipo.