Somo: Jinsi ya kuchagua intafesi ya chaneli nyingi kwa ajili ya studio ya kurekodi

Wakuu, somo hili ni la yeyote ambaye intafesi (kifaa kinachoingiza sauti za maiki na ala kwenye kompyuta) ya chaneli mbili imeanza kumbana. Umezoea kumrekodi mwimbaji mmoja juu ya biti, sasa bendi inataka kuingia yote, au kwaya, au unataka dramu za kupigwa kwa mkono badala ya zile za kompyuta. Ukiingia sokoni unakutana na 18i20, 16x16, 26x32 (nambari ya kwanza ni chaneli za kuingiza sauti, ya pili ni za kutoa), na kila muuzaji anakwambia hiyo ndiyo yenyewe.

Shikeni jambo moja kabla hatujaanza: nambari ya kwenye boksi si idadi ya maiki utakazochomeka. Chaguo zuri linaanzia kwa watu watakaokuwa chumbani siku ya kurekodi, kifaa kinafuata.

Hatua ya 1: Hesabu vyanzo vya sauti vya wakati mmoja

Chukua karatasi na kalamu. Fikiria kazi nzito kuliko zote ambayo studio yako itakuwa inaifanya mara kwa mara, achana na ile ya mara moja kwa mwaka. Andika kila kitu kitakachorekodiwa kwa pamoja. Uzito wote uko kwenye hilo "kwa pamoja". Wimbo unaweza kuwa na traki 60 na ukarekodiwa wote kwa chaneli mbili, ilimradi watu wanaingia mmoja mmoja.

Dramu ndizo zinazokula chaneli. Seti ya kawaida inataka maiki 1 ya kiki, 2 za snea (juu na chini), 1 ya hai-hati, 3 za tomu, na 2 za juu kwa ajili ya simbali. Hapo una 9. Ukiacha ile ya chini ya snea na ya hai-hati zinabaki 7, na wapo wahandisi wazuri kabisa wanaomaliza kazi na 4: kiki, snea na mbili za juu. Tuchukue 7. Ongeza gitaa la besi 1, maiki ya mbele ya ampu ya gitaa 1, kinanda 2 kwa kuwa kinatoa stirio, na mwimbaji wa kuongoza 1. Jumla ni 12.

Sasa zigawe hizo 12, kwa sababu si zote zinahitaji kitu kilekile. Maiki ni 9, na kila maiki lazima ipate priampu yake, yaani kikuzaji cha sauti yake hafifu. Kinanda kinaingia laini mbili (matundu ya sauti ambayo tayari ina nguvu) bila priampu. Besi inahitaji tundu la ala. Kwa hiyo orodha yako inasomeka: priampu 9, laini 2, ala 1. Karatasi hii nenda nayo dukani. Bila hiyo utanunua kwa macho.

Hatua ya 2: Ivunje nambari ya boksi

Chukueni Focusrite Scarlett za kizazi cha 3. Kuna 18i20 na kuna 18i8. Zote mbili zinasema 18 upande wa kuingiza. Ukizifungua, 18i20 ina priampu 8, kisha chaneli 8 za ADAT na 2 za S/PDIF, ambazo ni njia za kuingiza sauti ya kidijitali kutoka kifaa kingine. 18i8 ina priampu 4 tu, laini 4, halafu ADAT 8 na S/PDIF 2. Hesabu ya mwisho ni ileile 18, lakini moja inapokea maiki 8 na nyingine 4. Aliyenunua ya pili akidhani ni ya kwanza atagundua siku bendi imeshaweka vyombo chini.

Hizo ADAT si za kudharau. Ni tundu la optiki lililozaliwa na mashine za Alesis za mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilizokuwa zinarekodi traki 8 kwenye kanda ya S-VHS. Mashine zimepita, tundu limebaki, na ndilo linalokuruhusu kukua bila kuuza ulichonacho. Unanunua boksi la priampu 8 lenye ADAT, mfano Behringer ADA8200, unaliunganisha kwa waya mmoja mwembamba wa optiki, na intafesi yako ya priampu 8 inakuwa ya 16. Kwa hesabu yetu ya priampu 9, ningeenda njia hii kuliko kutafuta kifaa kimoja kikubwa. Unaanza na 8, unafanya kazi, la pili linakuja kazi zikiita.

Ila jueni mpaka wake. Waya mmoja wa ADAT unabeba chaneli 8 kwenye 44.1 au 48 kHz (kasi ya sampuli, yaani sauti inapimwa mara elfu ngapi kwa sekunde). Ukipanda hadi 96 kHz unabeba 4 tu. Na ADAT na S/PDIF ya optiki hutumia tundu la umbo moja, hivyo kuona mwanga mwekundu hakutoshi. Soma kitabu cha maelekezo kinasema tundu hilo ni la nini.

Hatua ya 3: Priampu zenyewe

Watu hubishana sana kuhusu "rangi" ya priampu. Kwa vifaa vya siku hizi mimi ningeangalia kwanza geini, yaani kiasi priampu inachoweza kuikuza sauti. Maiki dainamiki yenye sauti ndogo kama Shure SM7B inahitaji takriban desibeli 60 za geini kwa mtu anayeongea au kuimba kwa upole. Kama priampu inaishia 50, utaifungua hadi mwisho na bado utalazimika kupandisha ndani ya kompyuta, na mvumo unapanda pamoja nayo.

Angalia pia swichi ya fantomu, yaani umeme wa volti 48 unaopelekwa kwenye maiki kupitia waya wake. Maiki kondensa nyingi hazifanyi kazi bila hiyo. Kwenye intafesi nyingi za chaneli 8 swichi moja inawasha chaneli nne kwa mpigo, kwa hiyo panga maiki zako kwa makundi. Kama una maiki ya riboni ya zamani, iweke kwenye kundi ambalo fantomu imezimwa, maana waya mbovu ukikutana na volti 48 unaweza kuiharibu.

Halafu tundu la ala. Gitaa la besi lisilo na betri linataka tundu lenye ukinzani mkubwa, karibu megaomu 1. Ukilichomeka kwenye laini ya kawaida sauti inatoka hafifu na butu, kama vile mtu amezima nota za juu. Mara nyingi ni chaneli ya 1 na ya 2 tu zenye tundu hilo.

Hatua ya 4: Matundu ya kutolea sauti

Hapa ndipo wengi hawaangalii kabisa, na kwangu mimi ndipo studio inapoonekana imeiva. Mpiga dramu anataka kusikia kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) na besi. Mwimbaji anataka kujisikia mwenyewe juu, na kliki hataki hata kuisikia kwa mbali. Ukiwapa wote miksi moja, mmoja wao atapiga chini ya uwezo wake siku nzima na hutajua kwa nini.

Kila miksi ya stirio inahitaji matundu 2. Spika zako 2, miksi ya mpiga dramu 2, ya mwimbaji 2: tayari ni 6. Ukitaka kutoa sauti ikapite kwenye kompresa ya nje, ongeza 1 au 2 kwa kwenda na vivyo hivyo kwa kurudi. Kisha chunguza matundu ya hedifoni. Kifaa kinaweza kuwa na matundu mawili ya hedifoni na yote yakawa yanarudia kile kinachotoka kwenye spika. Unachotaka ni kifaa ambacho kila tundu la hedifoni linaweza kupewa miksi yake kupitia miksa ya ndani ya intafesi.

Hatua ya 5: Kuchelewa kwa sauti

Sauti inaingia, inapita kwenye kompyuta, inarudi kwenye hedifoni. Njia hiyo ina muda wake. Bufa (fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulichakata) ya sampuli 256 kwenye 48 kHz ni milisekunde 5.3 kwa upande mmoja. Kwenda na kurudi inafika 10.7, kabla hujaongeza muda wa vibadilishi vya sauti kwenda na kutoka kidijitali, na wa draiva yenyewe (programu inayounganisha intafesi na kompyuta). Mwimbaji anausikia, kwa sababu sauti yake nyingine inamfikia kupitia mifupa ya kichwa papo hapo. Bufa ya 64 inashuka hadi milisekunde 1.3 kwa upande, lakini kompyuta inatoka jasho.

Kwa hiyo ubora wa draiva ni sehemu ya bei. Kwenye Windows hakikisha mtengenezaji ana draiva yake mwenyewe ya ASIO, aina ya draiva iliyotengenezwa kupunguza kuchelewa huko. Kwenye Mac kazi hiyo inafanywa na Core Audio, mfumo wa sauti uliomo ndani ya Mac yenyewe. Na ukiwa na ile miksa ya ndani niliyoitaja, mwimbaji anajisikia moja kwa moja kabla sauti haijagusa kompyuta, na tatizo kwa sehemu kubwa linaisha.

Hatua ya 6: Waya wa kwenda kwenye kompyuta

Msihangaike sana hapa. Chaneli moja ya biti 24 (ukubwa wa kila sampuli) kwenye 48 kHz inakula megabiti 1.15 kwa sekunde. Chaneli 32 ni kama megabiti 37, na USB 2.0 ina 480. Thunderbolt, tundu jingine lenye kasi kubwa, ni nzuri ukitaka ucheleweshaji mdogo zaidi na kompyuta yako inayo. FireWire, tundu la zamani, iacheni hata ikiwa inauzwa kwa bei ya kutupa, maana kompyuta mpya hazina tundu lake. Kwa kifaa kilichotumika, ingia kwanza kwenye tovuti ya mtengenezaji uone draiva ya mfumo wako ipo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, asante kwa darasa. Mimi nina miksa yenye USB, chaneli 10. Si inatosha kuwa intafesi?

Jibu: Angalia USB yake inatuma chaneli ngapi. Yamaha MG10XU, kwa mfano, inatuma 2 tu: miksi nzima ikiwa imeshachanganywa. Huwezi tena kuipunguza snea peke yake. Behringer X32 yenye kadi yake ya USB inatuma 32, kila moja kivyake. Kwenye maelezo ya kifaa tafuta idadi ya chaneli za USB, usitazame idadi ya vitufe vya juu.

Swali: Nina intafesi mbili za chaneli 2. Naweza kuziunganisha zikawa 4?

Jibu: Kwenye Mac unaweza kuzijumuisha kwenye mpangilio wa sauti wa mfumo. Kwenye Windows, ASIO kwa kawaida hukubali draiva moja kwa wakati. Na hata zikiungana, kila kifaa kina saa yake ya ndani inayopanga mwendo wa sampuli, na saa mbili huachana polepole. Ukirekodi muda mrefu utasikia. Bora uziuze zote mbili ununue moja yenye ADAT.

Swali: Kaka, mimi nimeshaunganisha boksi la priampu kwa ADAT, ila nasikia vidonoo tik, tik kila baada ya muda. Waya nimebadilisha.

Jibu: Hiyo ni saa, ndugu yangu. Kifaa kimoja tu kiwe kiongozi. Njia rahisi: boksi la priampu liache kwenye saa yake ya ndani, kisha kwenye programu ya intafesi chagua chanzo cha saa kuwa ADAT. Hakikisha vyote viko kwenye 48 au vyote 44.1. Ukiona alama ya kufungamana imewaka, vidonoo vitaisha.

Swali: Je, nitafute inayofika 192 kHz?

Jibu: Isiwe sababu ya kuchagua. 48 kHz inabeba hadi karibu kHz 24, na sikio la binadamu linaishia kama 20. Hela hiyo iweke kwenye maiki au kwenye kutuliza mwangwi wa chumba.

Swali: Mwalimu, na diski? Bendi yangu inarekodi saa nzima mfululizo.

Jibu: Chaneli moja ya biti 24 kwenye 48 kHz ni kilobaiti 144 kwa sekunde. Kwa zile chaneli 12 za kwenye karatasi, saa moja ni gigabaiti 6.2 hivi. Mkirudia wimbo mara tano, zidisha kwa tano. Rekodi kwenye SSD, na nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine kabla bendi haijafungasha vyombo.