Paka si mbwa mdogo: acheni kumlisha kutoka mfuko wa mbwa

Nikiingia kwenye nyumba yenye mbwa na paka, kitu cha kwanza ninachotafuta kwa macho ni mfuko wa chakula. Mara nyingi naukuta mmoja tu, mkubwa, una picha ya mbwa, na mabakuli mawili yamejazwa kutoka humo humo. Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Paka anakula vizuri tu, afisa, na chakula cha mbwa ni nafuu." Ndugu zangu, hili nimelisema mpaka sauti imekauka. Leo naliandika ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Anakula, ndiyo, na hapo ndipo kosa linapojificha. Paka anayelishwa hivyo anaweza kuonekana mzima kwa miezi kadhaa. Tumbo limejaa, anacheza, analala juani. Halafu jioni moja anaruka kwenda dirishani na kukosa, au anagonga mguu wa kiti alioupita kila siku. Mwenye paka anasema ni uzee. Kumbe macho yalianza kufa zamani.

Kinachokosekana ni kirutubisho kiitwacho taurini. Mbwa kwa kawaida hujitengenezea mwilini kutokana na viini vingine vya protini. Paka hutengeneza kidogo mno, na hata hicho kidogo hupotea kila siku kwa sababu nyongo yake haiwezi kufanya kazi bila taurini. Lazima aipate kwenye chakula, na kwa asili huipata kwenye nyama. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa paka waliokosa taurini waliharibika retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha kuwa upungufu huo huo hulegeza na kutanua moyo. Walikuta hata baadhi ya vyakula vya paka vya wakati ule vilikuwa na taurini isiyotosha, na watengenezaji wakalazimika kuiongeza. Sasa fikiria mfuko wa mbwa, ambao viwango vyake havimlazimishi mtengenezaji kuweka taurini yoyote.

Na taurini si pekee. Paka hawezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A kama afanyavyo mbwa. Anahitaji pia mafuta fulani yanayopatikana kwa wanyama tu. Hata protini ya chakula cha mbwa huenda isimtoshe: viwango vya AAFCO, chama cha Marekani cha maafisa wasimamizi wa chakula cha mifugo, vinataka angalau asilimia 18 kwa mbwa mzima, lakini asilimia 26 kwa paka mzima na asilimia 30 kwa mtoto wa paka au mama mwenye mimba au anayenyonyesha. Taurini kwenye chakula kikavu cha paka isipungue asilimia 0.1, yaani gramu 1 kwa kila kilo. Hesabu zote hizi ni za chakula kilichoondolewa maji. Chakula kikavu huwa na maji karibu asilimia 10, kwa hiyo chukua protini iliyoandikwa kwenye mfuko, ugawe kwa 0.9. Ikiandikwa 27, kweli yake ni 30.

Tuje kwenye pesa, maana huko ndiko kosa linakoanzia. Watu hulinganisha bei ya mfuko kwa mfuko. Acheni. Linganisheni bei ya siku moja. Paka wa kilo 4 aliyehasiwa na anayeshinda ndani anahitaji takribani kilokalori 220 za nguvu kwa siku. Chakula chenye kilokalori 4,000 kwa kilo, atakula gramu 55, na kilo moja itamfikisha siku 18. Chenye kilokalori 3,300 kwa kilo, atahitaji gramu 67, na kilo itaisha siku ya 15. Maana yake, hata kile cha kwanza kikiwa ghali zaidi kwa sehemu moja ya tano, kwa siku unatoa pesa ile ile. Namba ya kilokalori iandikwe kwenye karatasi kabla hujauliza bei. Gramu 55, jamani! Kiganja kimoja. Mnyama anayekula kiganja kimoja kwa siku ndiye mnayemwekea chakula kisichomfaa ili kubana matumizi, halafu mnamlipa daktari wa mifugo.

Na hicho kiganja kipimwe kwa mizani. Kikombe si kipimo, na macho ndiyo kabisa, kwa sababu punje za chakula kimoja ni nzito kuliko za kingine. Mimina gramu 10 za ziada kila siku bila kujua, na kwa mwaka umemwaga gramu 3,650, chakula chake cha zaidi ya miezi miwili, huku paka akinenepa. Pima asubuhi chakula cha siku nzima, kiweke kando, kigawe mara mbili au tatu. Kikiisha, kimeisha. Akilia mlangoni saa nne usiku, mpe maji na umbembeleze. Kipimo cha mfuko ni cha kuanzia tu: mpime uzito kila baada ya wiki mbili, uongeze au upunguze gramu 5.

Mfuko mkubwa nao una mtego wake. Ukishafunguliwa, mafuta huanza kuchacha na vitamini kupungua, hivyo umalize ndani ya wiki sita. Siku 42 mara gramu 55 ni kilo 2.3. Kwa paka mmoja, basi, mfuko wa kilo 2 unatosha. Wa kilo 10 utamfikisha miezi sita, na punguzo ulilopewa dukani litaishia kwenye punje zilizochacha. Usiumimine kwenye ndoo iliyobaki mafuta ya zamani. Ukunje mdomo, uuweke mfuko mzima ndani ya chombo chenye kifuniko, mahali pakavu pasipo na joto.

Dukani, tafuta kwanza sentensi inayosema kuwa ni chakula kamili kwa paka, na cha umri gani. Kikiitwa cha nyongeza, rudisha rafuni. Sifa kubwa za mbele ya mfuko, "bila nafaka" na zile picha za minofu, hazipimi chochote. Nyama mbichi ikitangulia kwenye orodha, kumbuka imepimwa na maji yake, na maji hayo ni zaidi ya nusu ya uzito. Unga wa nyama unaweza kuwa na protini zaidi, na mara nyingi ndio unaoshusha bei. Mimi sioni aibu kuupendekeza.

Aliyekuwa akila chakula cha mbwa abadilishiwe kwa siku 7 hadi 10: siku mbili za mwanzo robo ya chakula kipya, mbili zinazofuata nusu, mbili nyingine robo tatu, kisha chote. Akigoma, rudi hatua moja nyuma. Msimfungie chakula mkidhani njaa itamfundisha! Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula, ini lake hujaa mafuta na anaweza kufa. Saa 24 zikipita hajagusa kitu, mpelekeni kwa daktari.

Kama amelishwa chakula cha mbwa kwa miezi, msingoje dalili. Apimwe macho na moyo wiki hii. Moyo ukiwahiwa unaweza kurudi katika hali yake kwa kupewa taurini. Jicho lililokufa halirudi, na ndiyo maana ninakuwa mkali.

Swali ninaloulizwa sana: akiiba punje chache za mbwa? Hazitamdhuru, mradi chakula chake mwenyewe ni kamili. Tatizo ni bakuli, si punje. Mlishe paka juu ya meza au rafu asikofika mbwa, kwa sababu mbwa naye akizoea chakula cha paka atanenepa, na mtarudi kusema chakula cha paka ni ghali mno kumbe wanakula wawili.

Chakula kikimkubali, kinyesi kitakuwa kigumu kiasi, manyoya laini, uzito umetulia. Bakuli la maji lijazwe upya kila asubuhi na jioni.