Kabla hujakubali kuongoza ekipe ya watoto wa kartie, yaani timu ya mpira ya mtaa

Lubumbashi haikosi mtu wa kufundisha mpira. Ingia avenue yoyote ya komini za Katuba au Kenya (zote ni sehemu za mji huu), utamkuta kijana anayejua mbinu zote, na pembeni yake mzee wa kukusimulia jinsi Mazembe, enzi ikiitwa Englebert, ilivyotwaa kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 1967 na kulirudia 1968. Anayekosekana ni mtu wa kushika daftari, kuonana na wazazi, kutunza fedha na kubaki uwanjani hadi mtoto wa mwisho achukuliwe na mtu wa kwao. Majirani wakikujia na kusema, "Papa, tusaidie na hawa watoto," hiyo ndiyo kazi wanayokuomba, na haina mshahara. Usiwajibu siku hiyohiyo.

Tafuta watu kwanza, mipira baadaye. Unahitaji watu wazima wawili zaidi wa kuwa komite pamoja nawe, angalau mmoja wao mama anayeheshimiwa mtaani, kwa sababu wazazi watamwambia yeye mambo ambayo wewe hutaambiwa. Kama wasichana watacheza, na watakuja tu tangu Mazembe ya wanawake ilipobeba kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 2024, basi mwanamke mzima awepo katika kila zoezi. Asipopatikana, hakuna zoezi. Kwa sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda watoto, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo hata yule mrefu wa miaka 17 anayekuzidi kimo bado ni mtoto. Kubalianeni tangu mwanzo: hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto ndani ya chumba, na ujumbe wa simu unapitia kwa mzazi. Anayenung'unikia masharti haya, mshukuru na umwache aende.

Kisha daftari, na hapa usiwe na haraka. Andika jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, shule, simu za watu wawili wa nyumbani, ugonjwa unaojulikana (pumu, kifafa, anemia SS yaani selimundu), na karatasi uliyoiona kwa macho yako. Watoto wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Muda wa kutangaza uzazi komini ukishapita, mzazi hulazimika kupata kwanza hukumu ya mahakama, na hilo hula muda na fedha. Kwa hiyo uliza miezi mingi kabla ya mashindano. Kwa michezo ya kartie, kadi ya chanjo au cheti cha ubatizo hutosha, mradi uandike kwamba ulitumia hicho.

Utashawishiwa kupunguza miaka. Wengine wanapunguza, utaambiwa, na ni kweli. Lakini FIFA ilianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009, na mtoto uliyemkata miaka miwili leo ndiye atakayefedheheka kesho mbele ya watu, si wewe. Halafu yule mdogo wa kweli wa miaka 11 ndiye anayevunjwa mguu na "mwenzake" mwenye ndevu.

Amueni pia kama mnataka kuwa klabu yenye karatasi au ekipe ya mtaa tu. Tofauti yake ni kubwa. Mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, ila klabu hizo ziwe zilimsajili rasmi kupitia shirikisho. Ekipe isiyosajiliwa haiambulii kitu, hata kama mtaa mzima unakumbuka nani alimfundisha kupiga kona. Mimi, kwa mwaka wa kwanza, ningebaki ekipe ya mtaa. Usajili una ada na vikao, na unaleta watu wanaopenda kuitwa rais.

Watu hao ni afadhali kuliko yule atakayefika siku moja na viatu safi akimsifu mshambuliaji wenu na kutaja Lusaka, Dubai au Ubelgiji. Kanuni ya FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa hali chache, kama wazazi wenyewe kuhamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Anayetaka kumvusha mtoto mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa "kwa majaribio ya juma moja" hana cha kuzungumza nawe. Mpeleke kwa wazazi, mbele ya komite nzima, na asipewe karatasi yoyote ya mtoto.

Uwanja usio na mwenyewe una mwenyewe. Sehemu nyingi tupu mjini ni za parokia, shule, kampuni ya madini au ya reli, na siku moja lori la matofali litashusha mzigo katikati ya goli. Pitia kwa chefu wa kartie, umjue mwenye ardhi, upate ruhusa ya maandishi hata kama ni ya mistari mitatu. Angalia na udongo wenyewe. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi hapa mwaka 1911, na kwa miongo mingi upepo wa kusini-mashariki ulisukuma moshi wa bomba lile kubwa upande wa mtaa wa Penga Penga. Udongo wa huko umeshika shaba, risasi na madini mengine, na sehemu nyingine hata majani hayaoti. Vumbi la Agosti na Septemba linaingia puani na mdomoni. Ukiweza kuchagua, chagua kwenye nyasi, mbali na njia ya moshi. Usipoweza, kila zoezi liwe na bidoni (dumu) ya maji na sabuni, na mtoto asiguse mkate kabla ya kunawa.

Mvua zikishika, Novemba hadi Machi, nyingi hupiga alasiri, saa zilezile za mazoezi. Ukisikia ngurumo, toa watoto uwanjani, uwaingize ndani ya nyumba, si chini ya mwembe, na msubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Wakati wa baridi jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo maliza mapema, maana wengine wanatembea mbali. Juni ni mitihani. Punguza mazoezi kabla mama mmoja hajakufuata na rula.

Vifaa si vigumu hivyo: mpira namba 4 kwa watoto wa miaka 8 hadi 12, namba 5 kwa wakubwa, na vizibao vya rangi mbili. Jezi ndizo zenye maneno, kwa sababu karibu na uchaguzi zitatolewa bure zikiwa na sura ya mtu kifuani. Komite iamue msimamo wake kabla hajatokea. Fedha azishike asiyefundisha, kwenye namba ya simu isiyo yako, na hesabu isomwe mbele ya wazazi kila mwezi.

Jua kituo cha afya kilicho karibu kinafungwa saa ngapi, na mkubaliane nani analipa mtoto akiumia. Aliyegongwa kichwa kisha akazubaa, akatapika au akasahau matokeo haruhusiwi kurudi mchezoni siku hiyo, hata aape.

Ugomvi mkubwa utakuwa juu ya nani anacheza. Watangazie wazazi mapema: aliyehudhuria mazoezi ya juma anacheza angalau nusu ya mechi. Kanuni za mpira zinaruhusu mechi za watoto kuwa fupi na aliyetolewa kurudi tena, kwa hiyo inawezekana. Baba atakayesimama pembeni akipiga kelele kama yuko kwenye derby ya Mazembe na Lupopo, mahasimu wa mji huu, mpe bendera ya mstari ashike.

Na kwa kuwa kazi inaweza kukuita Kolwezi bila taarifa, nakala ya daftari na namba za wazazi ziwe kwa mtu wa pili tangu juma la kwanza.