Noti 3, Baa 16: Kutunga Kipande Kifupi kwa Kujifunga

Julai mwaka jana, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Mbeya, nilikaa nikasikiliza vipande 10 nilivyokuwa nimerekodi kwenye simu. Vinane vilianza na kodi ya G (kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja; za mwenye nyumba tuziache). Sita vilipanda mahali palepale vikashuka kwa njia ileile. Nilidhani natunga, kumbe mkono ulikuwa unajiendea kama ng'ombe anayelijua zizi lake. Tangu hapo situngi kipande kifupi bila kujiwekea masharti kwanza. Naeleza kwa gitaa. Mwenye kinanda au kwaya atageuza kidogo.

Hatua ya 1: Tafuta mazoea yako

Sikiliza kazi zako tano za mwisho ukiwa na kalamu. Umeanzia noti gani, mwendo gani, unamalizaje? Usijihukumu, hesabu tu. Kinachojirudia kuliko vingine ndicho utakachokipiga marufuku. Mtu asiyepiga ngoma akijikataza ngoma, amejinyima nini?

Hatua ya 2: Andika masharti matatu kabla hujashika gitaa

Matatu yanatosha. Niliwahi kujiwekea saba, jioni nzima nikawa mgambo badala ya mtunzi. Tena kila sharti liwe la kuhesabika. "Kisiwe cha huzuni" si sharti, maana kesi utajihukumia mwenyewe na utashinda. Sharti zuri hata mtoto wa jirani asiyejua do wala re anaweza kulikagua. Yangu siku ile:

- noti 3 tu: do, re, sol
- baa 16 (baa ni fungu la mapigo, hapa manne manne), mwendo wa mapigo 96 kwa dakika
- mdundo utoke kwenye maneno niliyoyasikia leo

Baa 16 za mapigo manne ni mapigo 64, yaani sekunde 40 kwa mwendo huo. Kikiharibika, unaanza upya chai haijapoa.

Noti ya mi, inayofuata re, niliifukuza makusudi. Mi ndiyo inayotoboa siri: ikikaa mahali pake wimbo unachangamka, ukiishusha nusu hatua unaingia majonzi. Ukiiondoa, msikilizaji hajui acheke au anune, kwa hiyo sikio linahamia kwenye mdundo.

Na hapa kuna zawadi. Ukiweka do kwenye G, basi re ni A na sol ni D. Hizo ni nyuzi za 3, 5 na 4 zikiwa wazi. Mkono wa kushoto hauna kazi, unaweza kukaa mfukoni mwa koti.

Hatua ya 3: Chukua maneno mtaani

Mimi nilimchukua konda wa daladala pale Mwanjelwa, anayeita abiria wa kwenda Uyole: "Uyole! Uyole!" Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo YO ndiyo inayobeba uzito. Nikaipa do, ambayo kwenye nyuzi hizi wazi ndiyo noti ya juu kuliko zote tatu:

U (sol, nusu pigo) – YO (do, pigo moja na nusu) – le (re, pigo moja) – kimya, pigo moja.

Jumla mapigo manne, baa imejaa. Itamke kwanza kwa mdomo, mara kumi hivi, huku mguu unagonga. Isipokaa mdomoni, kwenye nyuzi haitakaa.

Hatua ya 4: Jenga kwa vilivyobaki

Noti zikiisha, unagundua mali nyingine uliyokuwa umeikalia. Baa 1 hadi 4 nilipiga kama nilivyoandika. Baa 5 hadi 8 kimya nikakihamishia mwanzo. Maneno yaleyale sasa yanasikika kama mtu anayekimbilia gari lililoanza kuondoka. Baa 9 hadi 12 nilikwangulia karibu na daraja la gitaa, pale sauti inapokuwa kali na nyembamba, na mkono wa kushoto ukatoka mfukoni kugonga ubao kila kilipofika kimya.

Hatua ya 5: Vunja sharti mara moja tu

Baa ya 15, pigo la kwanza, niliachia uzi wa 2 ukiwa wazi. Ndiyo mi ileile niliyoifukuza. Baada ya baa 14 bila yake, noti moja iliwaka kama taa umeme unaporudi. Nilicheka peke yangu chumbani.

Ujanja huu si wangu. Mtunzi wa Hungaria, György Ligeti, aliandika vipande 11 vya piano kati ya 1951 na 1953; cha kwanza kinapiga A tupu, ya chini na ya juu, na ni mwishoni kabisa ndipo inaingia D. Kila kinachofuata kinaongezewa noti, hadi cha mwisho kinatumia zote 12.

Hatua ya 6: Rekodi, lala, badilisha sharti moja

Rekodi kwa simu mara moja, ipe faili jina la masharti yake, usiisikilize hadi kesho. Ukirudi, badilisha sharti moja tu, mengine yabaki, ndipo utajua nini kimeleta nini. Mimi nilibadilisha maneno: konda akaondoka, akaja mama anayepita na beseni akiita "Maparachichi!" Silabi tano, mkazo kwenye ya nne, haziingii kwenye mapigo manne bila kubanwa. Nimehamia baa za mapigo matano, na mguu bado unakosea.