Somo: usichague na kupima kwa data ileile (jaribio la Excel kwa wanaosoma ubongo na kuona)

Ninyi mnaoandika TFC (kazi ya kumaliza masomo ya chuo) kwa data za ubongo mlizopakua, kabla hamjachora grafu fanyeni jaribio hili. Hata kompyuta ya sekretariati ya pale Kadutu, Bukavu, inatosha.

1. Chukua mistari 200. Kila mstari ni niuroni moja (seli ya ubongo). Safu A ni mwitikio wake kwa nyuso, B kwa nyumba. Jaza zote mbili kwa =ALEA() (Excel ya Kiingereza: =RAND()). Hamna ubongo hapo, ni bahati nasibu tupu.

2. Nakili, kisha bandika thamani peke yake. Ukiruka hapa, namba zitabadilika kila unapozipanga, nawe utailaumu mashine bure. Hifadhi faili, umeme mnaujua.

3. Safu C ni A kutoa B. Panga kuanzia kubwa, shika 20 za juu. Wastani wa C utakuwa karibu 0.7. Hongera, umegundua niuroni za nyuso! Juri ikilala, unapata na distinction.

4. Kwa niuroni zilezile 20, jaza D na E kwa =ALEA() upya, kama kipimo cha pili. Toa E kwenye D: wastani unarudi karibu na sifuri.

Kosa la hatua ya 3, yaani kuchagua na kupima kwa data ileile, watafiti Kriegeskorte na wenzake walilichambua mwaka 2009. Kanwisher na wenzake, mwaka 1997, walitafuta eneo la ubongo linaloitikia nyuso kwa vipimo vya kwanza, kisha wakalihoji kwa vipimo vingine vya mtu yuleyule. Igeni hapo.

Kuna uchaguzi mwingine unaofanyika mapema zaidi, na huo Excel haiuonyeshi. Olshausen na Field waliandika mwaka 2005 kwamba elektrodi (vinasa umeme wa niuroni) hunasa kwa urahisi niuroni kubwa zenye kelele, yaani zinazotoa ishara nyingi. Zile kimya zinapitwa. Kwa hiyo gamba la kuona (sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona) tunalofundishwa ni la wapiga kelele.

Maswali

*Mwalimu, mimi nimepata 0.66.*
Ni sawa, bahati nasibu huyumba. Sifuri yako nayo itayumba.

*Mshiriki aliyesinzia ndani ya mashine ya kupima ubongo, nimtoe?*
Mtoe, dada, ila kanuni ya kusinzia uwe umeiandika kabla ya kuona matokeo yake. Ukimtoa kwa kuwa anaharibu grafu, umerudi hatua ya 3.

*Kwenye EEG (kupima umeme wa ubongo kwa elektrodi za kichwani), ni kweli watu wenye nywele kama zetu wanaachwa?*
Hutokea, mdogo wangu. Elektrodi za kawaida hazigusi vizuri ngozi chini ya nywele nzito za kipilipili au zilizosukwa. Ishara inachafuka, mtu anaandikwa "data mbaya", na neno nywele halitajwi popote. Huko Carnegie Mellon, Marekani, wametengeneza elektrodi zinazobanwa kati ya mistari ya misuko. Wewe kwenye TFC yako taja waliotolewa ni wangapi, na kila mmoja kwa sababu gani.